Damokari, Aliyekirudisha Kisu

Damokari mwana wa Aineto alifariki dunia juzi, siku ya nne ya mwezi wa Karneio, muda mfupi kabla ya adhuhuri, nyumbani kwake karibu na lango la kuelekea Sikioni hapa Fliunti, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, na leo alfajiri, kabla jua halijachomoza kama sheria inavyotaka, tumemzika kando ya barabara ya Nemea, nje ya ukuta wa makaburi ya ukoo wake.

Mimi ninayesoma historia hii ni Sosandro, mtoto wa Lakrate aliyekuwa mdogo wake marehemu, nimelelewa katika nyumba hii tangu nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo baadhi ya mambo niliyaona mwenyewe, mengine nimeyapata kwa mama mkubwa Nikeso, mjane wake, na kwa wazee waliokuwapo, na pale ambapo hakuna aliyekuwapo nitasema hivyo, maana marehemu hakupenda mtu azibe pengo kwa maneno ya kubuni. Tangu asubuhi nimeulizwa na wageni wengi kwa nini mtu wa ukoo wa waaguzi amelazwa nje ya ukuta huku baba yake, babu yake na mdogo wake wamelala ndani, hatua chache kutoka hapo, na jibu la swali hilo ndilo maisha yake, basi nitalitoa kwa utaratibu.

Marehemu alizaliwa mwaka wa hakimu Agemo, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, katika nyumba kubwa iliyo chini ya ngome, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Aineto, mwaguzi wa mji, na mkewe Filusa, na siku hiyo taji la mzeituni lilitundikwa mlangoni kuwatangazia majirani kwamba amezaliwa mwanamume, jambo ambalo katika ukoo ule lilikuwa na maana moja tu, kwamba aliyezaliwa ataushika ule mpini wa kisu. Kwa wale waliotoka mbali niseme kwamba waaguzi wetu huchinja kondoo mbele ya madhabahu, hutoa ini, hulisoma, kisha huuambia mji uende au usubiri, na kazi hiyo hawapewi watu wa nje.

Elimu yake aliipata kwa baba yake kuanzia umri wa miaka saba, kwa kutumia ini la udongo uliochomwa, lenye mistari, ambalo kila sehemu yake ina jina na kila jina lina jibu lake, na kwa maelezo ya marehemu mwenyewe alikuwa mwanafunzi hodari, alikariri majibu yote kabla hajafikisha miaka kumi, na mara moja tu ndipo alipokwama. Walikuwa mezani, akamuuliza baba yake, "Baba, yule babu yetu wa kwanza kabisa, yeye alifundishwa na nani?" na Aineto akamjibu, "Kula nyama yako, Damokari, inapoa." Marehemu alikuwa akisimulia kisa hiki akicheka, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba nyama ile ilikuwa tamu na swali lile akaliacha kwa miaka ishirini.

Alianza kazi ya uaguzi rasmi mwaka wa hakimu Thrasuda, baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka ishirini na sita, na wazee wanaomkumbuka wanakubaliana kwamba alikuwa na sauti isiyotetereka, kwamba alisema "nendeni" na "subirini" kwa namna ambayo hata jemadari mbishi alivua kofia ya chuma au alivaa bila neno. Katika muda huo mdogo wake Lakrate, baba yangu, alioa na kunizaa mimi, kisha akapangiwa ulinzi katika boma la Trikarano, kule juu ya kilima ambako wachungaji wetu hukimbilia na familia zao mipaka inapovamiwa.

Katika mwaka wa tano wa kazi yake, mwishoni mwa kiangazi, maadui walivuka kutoka bonde la pili wakalizingira boma lile, jeshi la mji likatoka kwenda kuwaokoa waliokuwa ndani, likafika kwenye chemchemi chini ya kilima, na hapo, mwezi ukiwa mpevu na mbingu ikiwa safi, mwezi ulipatwa. Jeshi lilimgeukia Damokari, naye hakusita, alitoa jibu alilofundishwa, kwamba mungu ameufunika uso wake, na asiondoke mtu mpaka mwezi ujae tena. Jeshi lilisubiri, maji ya boma yakaisha, boma likaanguka, na kati ya wanaume waliouawa huko alikuwamo Lakrate.

Naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu hakuna mtu aliyemlaumu. Jemadari alimshukuru kwa kuliokoa jeshi lisiingie kwenye hasira ya mungu, baraza likampelekea paja la kondoo dume kwa heshima, na mama yake mwenyewe, aliyekuwa akimlilia mwana wa pili, alimwambia mwana wa kwanza kwamba amefanya kazi yake. Marehemu alilirudisha lile paja. Alikaa ndani kwa siku kadhaa, na alichokuwa akijiuliza aliniambia mimi baadaye, nilipofikisha umri wa kuelewa, tukiwa tunapogoa mizabibu, bila kuanzia mbali: "Baba yako alikufa kwa sababu nilisema ninajua kitu nisichokijua. Sikudanganya. Nilidhani ninajua, na hilo ni baya zaidi, maana mwongo angalau anajua kwamba anadanganya."

Siku ya mkutano wa ukoo, kabla ya majira ya baridi, alisimama mbele ya madhabahu akakiweka kisu chini, akasema hatakichukua tena mpaka ajue anachokisema. Mkubwa wa ukoo alimkumbusha mila, kwamba mwaguzi anayekirudisha kisu akiwa mzima wa mwili anapoteza mgawo wake wa nyama ya sadaka, anapoteza kiti chake, na akifa halazwi ndani ya ukuta pamoja na wenzake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika kumbukumbu ya watu, mzee yule aliongeza kwa upole, "Mwanangu, kiokote tu, tutasema kiliponyoka." Marehemu alisema, "Hakikuponyoka." Binamu yake Khairia, aliyemfuata kwa umri, ndiye aliyekiokota, na kazi ikawa yake hadi leo.

Alisafiri kwa miguu hadi Korintho, akapata chombo cha kuvuka bahari, akafika Ionia, ambako alikaa miaka sita kwa mwalimu aliyeitwa Molpagora, mtu aliyekuwa akifundisha uwanjani kwake bila kiti. Siku ya kwanza Molpagora alimuuliza mwezi ni nini, marehemu akajibu kwa ile sauti yake ya madhabahuni, jibu likaulizwa maswali mawili likaanguka, akatoa la pili likaanguka, la tatu likaanguka, na ilipofika jioni hakuwa na jibu lolote, alikuwa na hasira, akafunga mzigo wake. Mwalimu alimkuta langoni akamuuliza anakwenda wapi. "Narudi kwetu. Nilikuja hapa nikijua kidogo, sasa sijui hata hicho kidogo." Molpagora akamwambia, "Asubuhi ulikuwa bado hujafika. Umefika sasa hivi. Weka mzigo."

Kilichofuata hakikuwa ufunuo, na marehemu aliwakemea waliokisimulia hivyo. Ilikuwa kazi. Alitazama vivuli vya nguzo, vya mitungi, vya sahani, vya watu waliolala na waliosimama, alikwenda nje kila mwezi ulipokuwa mpevu, mara nyingi bila kuona lolote, na katika miaka ile mwezi ulipopatwa mbele ya macho yake aliuchora ukingo wa giza kwa mkaa ukutani, mara ukichomoza, mara ukiwa katikati ya mbingu, mara ukizama, mpaka akaridhika na mambo mawili, kwamba ukingo ule ni wa mviringo kila mara, na kwamba mwezi haupatwi wakati mwingine wowote isipokuwa unapokuwa mkabala kabisa na jua. Alisema kutoka kutojua hadi kudhani ni hatua moja, mtu huiruka akiwa usingizini, lakini kutoka kudhani hadi kujua ni safari ambayo lazima mtu aende kwa miguu yake, na anayebebwa hafiki.

Alirudi Fliunti mwaka wa hakimu Pantia, akiwa na miaka thelathini na minane, akanichukua mimi na mama yangu kwenye nyumba hii, akalima mizabibu ili tule, na kila alasiri akakaa kwenye ukumbi wa soko la mvinyo, mkabala na yule mbuzi wetu wa shaba. Utaratibu wa ukumbi ule mnaufahamu. Mgeni hakuulizwa anataka kujifunza nini, aliombwa ataje jambo moja ambalo amekuwa akisema maisha yake yote kwamba analijua, kisha alitetee mpaka lisimame au lianguke. Watu walimpa jina, wakamwita Damokari Sijui, na wauza mvinyo walikuwa wakimpigia kelele, "Sijui, leo mvua itanyesha?" naye akiwajibu, "Jina langu umelitaja, jibu umelipata."

Ndoa yake ilitoka kwenye ukumbi huo huo. Mzee Theari, mwenye mashamba ya mteremko wa mashariki, alikuja siku moja na watu wake akatangaza kwamba analijua jambo moja bila shaka yoyote, kwamba yule mbuzi wa shaba, akipakwa dhahabu kila mwaka, huizuia baridi isiue mizabibu. Marehemu alimuuliza kama kuna mwaka ambao hakupakwa. Theari alifikiri akasema upo, mwaka ule wa vita. "Na baridi ilikuwaje mwaka ule?" Theari, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akasema, "Mavuno yale ndiyo yaliyonijengea ghala la mvinyo," na soko zima likaangua kicheko. Theari aliondoka akiwa amekasirika sana, hakuonekana kwa muda mrefu, kisha akarudi peke yake, akakaa, akasema, "Nimefikiri. Mbuzi nitaendelea kumpaka, marehemu mama yangu alimpenda. Lakini sijui. Haya, nifundishe kuuliza." Mwaka uliofuata, mwezi wa harusi, alimwoza marehemu binti yake Nikeso, na walipomwambia kwamba anamtoa kwa mtu asiye na mgawo wa nyama, alisema binti yake anapenda zaidi samaki.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume aliyefariki kabla ya siku ya kupewa jina, na wa pili Timaso, ambaye ni mke wangu, na ambaye alijifunza ndani ya nyumba hii yote aliyoyajua baba yake, kwa kutazama vivuli vya bonge la jibini mbele ya taa ya mafuta, kwa sababu mama yake hakutaka kuazimisha mitungi yake. Timaso ameniomba nieleze kwamba baba yake hakuwahi kumwambia "kula chakula chako" pale alipouliza jambo.

Sasa nafika mwaka huu. Mwishoni mwa majira ya baridi boma la Trikarano lilizingirwa tena, ndani wakiwamo wachungaji na familia zao, maji yakiwa ya siku chache, na jeshi chini ya jemadari Kleonda lilipiga kambi kwenye chemchemi ile ile, nami nikiwa katika safu ya tatu. Jioni ya mwezi mpevu, mara tu giza lilipoingia, mwezi ulianza kupatwa. Khairia alivaa taji lake akasema maneno yale yale, asiondoke mtu mpaka mwezi ujae tena. Wengi walikwisha weka ngao chini marehemu alipofika, maana aliposikia kwamba jeshi liko kwenye chemchemi ile na mwezi umepevuka alitoka mjini tangu asubuhi, mzee wa miaka sitini na minane, amejifunga vazi la sufu, mvua ya asubuhi haijamkauka.

"Mzee, hii ni kambi," Kleonda alimwambia. "Siyo ukumbi wako wa mvinyo."

"Naona."

"Nani amekuleta huku?"

"Punda. Na yeye alikataa njiani."

Alimwomba Kleonda aishike ngao yake mbele ya moto, kivuli kikaangukia hemani kikiwa cha mviringo, kisha akamwomba aigeuze ubavu, kivuli kikawa chembamba kama fimbo. Halafu akatoa kwenye mfuko wake bonge la jibini lililofinyangwa kama mpira, na askari wakaanza, "Leta na mkate, Sijui!" na mwingine, "Mpeni nafasi, anaandaa chakula cha usiku," naye akaligeuza lile jibini huku na huku, juu na chini, na kivuli kikabaki mviringo kila lilipogeuka. Akawaonyesha mwezi juu ya kilima, ukingo wa giza umefika katikati yake. "Nimeuona ukipatwa ukiwa kila pembe ya mbingu, na ukingo ule haujawahi kuwa fimbo. Kitu gani kinatoa kivuli cha mviringo kila upande?"

"Jibini lako," mtu mmoja akasema, watu wakacheka.

"Vizuri. Jua limezama nyuma yenu sasa hivi. Mwezi uko mbele yenu. Katikati yake kuna nini?"

 Mfua sufu mmoja wa safu ya nyuma aligonga ardhi kwa kisigino, mara mbili, na wale waliokuwa karibu naye wakatazama chini.

Kleonda aliuliza, "Kwa hiyo tukipanda tutashinda?"

"Sijui."

"Hujui! Basi umetoka mjini kwa punda kuja kutuambia nini?"

"Kwamba Khairia naye hajui. Kile ni kivuli cha mahali mliposimama. Hakisemi nendeni, wala hakisemi subirini. Juu ya kilima watu wana kiu, hilo mnalijua nyote. Amueni kwa mnachokijua."

Khairia alisema, "Kaka, ulikwisha weka kisu chini. Usituingilie kazi." Marehemu alimjibu, "Mdogo wangu, niliwahi kusimama hapo uliposimama, na maneno hayo hayo kinywani. Baba yake huyu yuko kaburini," akaninyooshea mimi mkono. Kleonda hakuitisha kura, alisema anayetaka abebe ngao yake, na zaidi ya nusu ya jeshi walibeba. Kulipopambazuka wale waliozingirwa walikuwa wameshushwa wote wakiwa hai, na kwa upande wetu walikufa wanaume wawili, Mnaso na Aristea mwana wa Eutelida.

Mzee Eutelida yupo hapa na ameniruhusu kuyasema haya. Marehemu alikwenda nyumbani kwake siku iliyofuata, Eutelida akamwambia, "Wewe umeniulia mwanangu," na marehemu hakumwambia kwamba ni mapenzi ya miungu, wala hakumwambia juu ya waliookolewa, alisema, "Nilichokisema ndicho kilichompeleka kule," akakaa chini karibu na mlango mpaka mchana, na kesho yake akarudi tena, na kesho yake tena, mpaka Eutelida akamtolea kiti.

Mvua ile na baridi ya kilima vilimwachia kikohozi ambacho hakikumwacha, kikageuka homa ya mapafu mwanzoni mwa kiangazi, akatibiwa na tabibu Nikoma kwa asali, mvuke na supu ya shayiri, akapata nafuu, kisha mwezi uliopita hali ikabadilika. Hakuacha kufundisha, wanafunzi walikaa sakafuni chumbani, na swali alilowaachia ni moja, kwamba ikiwa dunia inatoa kivuli cha mviringo kila upande, basi imeshikiliwa na nini. Asubuhi ya siku ya nne aliniuliza kama kuna aliyepata jibu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi msiseme mnalo." Hakuzungumza tena, na kabla ya adhuhuri akafariki, Nikeso na Timaso wakiwa kando yake.

Kwa niaba ya familia namshukuru tabibu Nikoma, ambaye mara mbili alisema mbele ya mgonjwa, "Ugonjwa huu siuelewi, nitautazama tena kesho," na mgonjwa akafurahi kuliko alivyofurahia dawa. Nawashukuru majirani wa lango la Sikioni, wanawake walioosha na kuuvisha mwili pamoja na wafiwa na kukesha nao, wauza mvinyo waliofunga maduka leo, jemadari Kleonda na wenzetu wa safu ya tatu waliobeba jeneza, familia za wachungaji wa Trikarano walioshuka usiku ili waiwahi alfajiri, na wanafunzi wote wa ukumbi, ambao watakutana pale pale baada ya siku za matanga. Ukoo uliulizwa kuhusu ukuta, ukajibu kwamba mila ni mila, na familia haikubishana, kwa kuwa marehemu aliijua bei siku alipokiweka kisu chini, na hakuwahi kuomba apunguziwe. Baba mkubwa, udongo wa barabara ya Nemea na ukulalie mwepesi, umetembea vya kutosha.

Jambo la mwisho ni hili. Leo alfajiri, udongo ulipokwisha kusawazishwa, Khairia alitoka upande wa ndani wa ukuta, akavua taji, akasimama penye kaburi akasema, watu wote wakisikia, "Usiku ule pale chemchemi nilisema ninajua. Sikujua." Kisha akafuatana nasi hadi hapa. Amekaa pale karibu na mlango, na kisu bado kiko kiunoni mwake.